Oili ya Trekta Lililoinama

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Kitandililo, nikamkuta kijana wa binamu yangu yuko juu ya trekta jipya, anawasha. Nikajikuta nimepaza sauti: "Umepima oili?" Akacheka. "Shangazi, hili linajipima lenyewe. Ikipungua, taa inawaka." Nikabaki nimesimama pale, upepo wa Makambako unanivuruga kitenge, nacheka peke yangu. Wewe rafiki yangu sijawahi kukusimulia kwamba kuna asubuhi moja oili ya trekta nusura initoe roho, kwa woga kwanza, halafu kwa furaha.

Trekta letu aliliacha babu. Alipofariki, watu walimwambia bibi aliuze, mjane na trekta wapi na wapi. Bibi hakubishana nao. Alimkabidhi mjomba usukani, na mimi akanikabidhi kitambaa cha kufutia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi ya kupima ikawa yangu.

Asubuhi kwetu baridi inabana hata mwezi wa kumi na moja. Kabla jua halijatoka, bibi alikuwa ameshabandika jikoni uji wa ulezi na, pembeni yake, sufuria la maji ya rejeta ya trekta, yapate vuguvugu. Mgeni mmoja aliwahi kujikorogea chai na maji yale, tukamwacha anywe kwanza. Mimi nilikuwa nakimbia na kiazi cha kuchoma mdomoni, mikono inanuka moshi wa kuni za miwati. Nafungua rejeta nachungulia. Naenda kwenye haidroliki nyuma ya kiti. Mwisho oili ya injini: chomoa kijiti cha kupimia, futa, rudisha, chomoa tena, ndipo usome. Mjomba alinifundisha hivyo, na ole wako usome kabla ya kufuta.

Sasa, mwaka ule betri ilikufa. Ikabidi mjomba aliegeshe trekta mlimani, pua ikitazama bondeni. Asubuhi anaachia breki, linaserereka, anaachia klachi, linanguruma. Kiangazi chote tuliishi hivyo, tukibeba matofali na kuni. Na kiangazi chote kijiti kilinionyesha oili iko juu, safi kabisa. Nilijivuna kama vile mimi ndiye niliyeikamua.

Siku moja kabla ya kuanza kulima, mwalimu wetu wa sayansi alishika chupa yenye maji nusu, akaiinamisha. Akatuambia tutazame, chupa imelala lakini maji yamekimbilia upande wa chini. Wenzangu wakaandika. Mimi niliruka kwenye dawati! Kijiti chetu kilikuwa upande wa mbele wa injini. Oili ilikuwa inakimbilia puani, na mimi naisoma kama imejaa. Sikumwambia mtu, niliogopa kuchekwa, na usingizi wa usiku ule sikuuona.

Kulipokucha, majirani walikuwa wameshafika. Siku ya kwanza ya kulima walikuja wote, kwa kuwa trekta lile lilikuwa linawalimia kwa zamu, na mzee wa kanisa aliliombea kabla halijaguswa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Aliposema amina, nikajisogeza mbele ya gurudumu.

"Mjomba, usiliwashe. Oili haijajaa."

"Umepima?"

"Nimepima. Imejaa. Lakini haijajaa."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye, "Haya, leo yai linamfundisha kuku. Unatakaje, mama?"

"Literemke bila kuwashwa. Tukalipimie kwenye tambarare."

Hapo akaacha kucheka. "Likifika kule limezima, nani atalipandisha huku juu? Mvua hiyo inakuja."

Ilikuwa kweli. Nikikosea, siku ya kulima ya kijiji kizima imeharibika kwa mdomo wangu. Nikinyamaza na niko sahihi, injini ingekaukia shambani, na wale waliotaka bibi auze wangelipata walilolitaka. Bibi alikuwa amesimama na sufuria lake. Akamgeukia mjomba.

"Injini ikifa, nani ataifufua?" akasema. "Literemshe. Mikono ya kusukuma ipo."

Likaserereka kimya hadi tambarare. Tukalisubiri litulie. Nikachomoa kijiti, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa tena. Ncha tu ndiyo iliyolowa! Chini kabisa ya alama ya chini! Mjomba alikichukua, akakiangalia, akavua kofia. Alikwenda nyumbani kwa miguu, akarudi na dumu la oili.

Halafu ndipo kazi ilipoanza, rafiki yangu. Kulisukuma pale pale tambarare mpaka liwake: kamba mbele, mabega nyuma, wanawake wa kwaya wakianzisha wimbo wa kuvutia kamba, watoto tukisukuma vumbi kuliko tulivyosukuma trekta. Mara ya kwanza likakohoa. Ya pili likakohoa. Ya tatu likatema moshi mweusi, likanguruma, na kelele tulizopiga nadhani zilisikika hadi stesheni ya treni Makambako. Bibi alicheza! Bibi yangu, aliyekuwa haoni haya kumkemea mtu anayejitikisa kanisani.

Trekta lile lililima miaka mingine mingi na lilikufa kwa uzee tu. Pale mlimani pamejengwa nyumba. Bibi na mjomba wamelala makaburini, na waliovuta kamba wametawanyika, wengine hata sura zao zimenitoka. Ninawakumbuka kwa uchungu, sifichi.

Tangu siku ile mjomba, mwanamume mzima mwenye mvi, alikuwa anakaa kwenye kiti, mikono juu ya usukani, hagusi kitu mpaka niseme, "Tayari." Nimefanya kazi ofisi nyingi tangu wakati huo na nimepewa vyeo. Hakuna aliyewahi tena kulingoja neno langu namna ile.