Kibakuli Kilichojaa

Begimai alichagua shahada ya uzamili ya saikolojia, tena ile ya utafiti, na mtaa wao mzima pale Naryn, mji wao wa milimani, ukamshangaa.

"Kwa hiyo hutamtibu mtu?" mama yake, Sabira, aliuliza kwa mara ya tatu.

"Sitatibu, mama. Nitachunguza watu wanavyofikiri."

"Miaka miwili ya kuchungulia watu! Si ungekaa dirishani tu, kama jirani yetu?"

Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake saa sita mchana. Kilichokosekana ni swali la utafiti na sahihi ya msimamizi. Maswali alikuwa nayo kumi na moja, yote mazito: furaha, hofu, upweke wa binadamu. Mwalimu Kalipa, ambaye ndiye angemsimamia, aliyafuta yote kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni mwa kila moja: "Hili litakuzeesha." Sasa mwalimu huyo alikuwa njiani kurudi mji mkuu, Bishkek, akakubali kupitia kwao kwa chai. Asipotia sahihi leo, ni mpaka mwakani.

Kwetu mgeni humiminiwa chai mafunda mawili matatu tu, ili arudishe kibakuli aongezwe na mazungumzo yanoge. Ukikijaza, umemwambia njia nyeupe. Hata mtoto anajua. Mwalimu alipoketi, Begimai alimimina mpaka chai ikagusa ukingo.

Sabira akajishika kichwa. Mwalimu Kalipa akanywa funda moja la heshima, akainuka na kuchukua koti lake.

"Mwalimu, nisamehe, ni woga tu!" Kisha, sijui shetani gani alimpitia, Begimai akauliza: "Lakini chai ingeishia wapi ndiyo usingeinuka?"

Mkono wa mwalimu ukakwama ndani ya koti. "Robo tatu... ningekaa."

"Robo tatu?" Sabira akadakia. "Kwa mama mkwe wangu, ikifika nusu unaaga!"

"Huyo alikuwa mkali."

"Mkali? Hukumjua wewe!"

"Tungeweza kupima," Begimai akasema polepole. "Nyumba kwa nyumba. Kipimo gani kinamwinua nani."

Mwalimu akavua koti. "Hili litakuzeesha kidogo tu. Andika."

Akatia sahihi palepale, katikati ya makombo ya maandazi ya boorsok. Begimai alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Mwalimu akamaliza chai yake yote, akanyoosha kibakuli.

Sabira akampokonya binti yake birika. "Wewe andika. Namimina mimi."

Akamimina kidogo mno, hata chini ya kibakuli pakaonekana.