Mchoro wa Wanyama Unamnyooshea Kidole Shemeji Yangu

(Jina la ndugu aliyetuandikia haya tunalo, ila ameomba lisitokee. – Mhariri)

Iringa, Agosti 1976. Huu ni mwezi wa saba tangu niondoke nyumbani Uyole, Mbeya. Nina miaka thelathini na minne, mke na watoto watatu. Shule niliishia darasa la nne. Nafanya kibarua cha kuhesabu wanyama porini, kazi niliyotafutiwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Tunatembea kwenye njia iliyonyooka. Shemeji anatangulia na panga kufyeka, mimi nafuata na kamba ya kupimia. Tukiona digidigi au swala, tunapima alisimama umbali gani kutoka njiani. Jioni mtaalamu wetu anatia nukta kwenye karatasi ya miraba, kisha anazipitishia mstari. Alitueleza kwamba wanyama walio karibu na njia huonekana karibu wote, na kadiri walivyo mbali ndivyo wengi wanavyotupita. Kwa hiyo mchoro huanzia juu, ukateremka kama barabara ya Kitonga.

Wa wenzetu wanaopita njia nyingine unateremka hivyo. Wa kwetu unaanzia chini, unapanda, ndipo unateremka.

Mtaalamu aliniita peke yangu. "Ndugu, kwenu karibu na njia hakuna wanyama. Mnasinzia, au kuna mtu anawafukuza kabla hamjawaona?"

Nikasema sijui.

"Kabla hatujafunga kambi nataka jibu. Nisipolipata, msimu ujao simchukui yeyote kati yenu."

Nilikuwa najua. Shemeji akitangulia hugonga miti kwa ubapa wa panga, ko, ko, ko. Nikamwuliza kwa nini.

"Nafukuza nyati, shemeji. Unataka dada yangu awe mjane?"

"Mbona juzi mtaalamu alipofuatana nasi hukugonga, na mavi ya nyati yalikuwa mabichi njiani?"

Akacheka. "Siku hiyo nyati angeanza na yeye. Ana nyama zaidi."

Nilicheka pia, lakini roho haikutulia. Sasa namchunguza. Jumapili anakwenda mjini, Ipogolo, na furushi, anasema ni nguo za kufua. Nguo zinarudi chafu vilevile. Na pembeni ya njia yetu, upande wanakokimbilia swala, nimeona waya wenye kitanzi umefungwa kwenye shina la mti. Sikuugusa wala sikumwambia shemeji. Labda ni wa mtu mwingine. Labda kweli anaogopa nyati.

Nikimtaja bila hakika, nimemwangamiza aliyenipa kazi, na mke wangu hatanisamehe, maana kaka huyo ndiye aliyemlea mke wangu baada ya baba yao kufariki. Nikinyamaza, tunakosa kazi wote, na kama mitego ni yake, nitahesabiwa mwenzake.

Wasomaji, ninyi mngemjibu nini mtaalamu? Niambieni mapema. Nategemea kurudi Uyole mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua za kwanza. Mke wangu ameshaniandikia kwamba atakuja stendi kutupokea sote wawili.