Shemeji Alipopulizia Pamba ya Milembe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande wa kijiji cha Kasoli bado umeshika majani, na gauni la Milembe Masunga limelowa kutoka pindo hadi magotini. Anainama, anafunua jani la pamba, anachungulia kitumba, kisha anahamisha kijiti kimoja kwenye ubao wa matundu wa kuhesabia unaoning'inia shingoni mwake. Mche wa kumi na tisa. Bado kumi na moja.

"Funza mmoja," anasema bila kuinua kichwa. "Sisimizi siwahesabu. Hao ni vibarua wangu, wako kazini."

Milembe, mjane mwenye miaka 51, ni mmoja wa wakulima kumi na wawili wanaofanya utafiti wa pamba pamoja na wataalamu wa kilimo. Anatilia mkazo neno hilo, pamoja. "Wao walikuja na karatasi. Swali lilikuwa letu."

Swali lenyewe: ukipanda mistari ya alizeti katikati ya pamba, wadudu wanaokula funza watakuja kukaa, ili dawa ipungue?

Alikuwa na sababu yake ya kuuliza. Mwaka juzi alipulizia mara sita akavuna kilo 240 kwa ekari, na mizinga minne aliyoachiwa na marehemu mumewe ikabaki mitupu. "Funza walirudi," anasema. "Nyuki hawakurudi."

Basi msimu uliopita akatoa ekari moja kwa utafiti, pamba na mistari ya alizeti, bila dawa hata tone. Wiki tisa alihesabu. Ndipo mama yake akaugua huko Mwanhuzi, naye akaenda kumuuguza kwa siku tano.

Bujiku, mdogo wa marehemu mumewe, alipita shambani akaona funza. Huku, shamba la mke wa ndugu yako likiharibika, aibu ni yako. Alibeba bomba lake akapulizia hadi dawa ikamwishia nusu ya ekari.

Milembe aliporudi, harufu ilimpokea kabla ya shemeji.

"Umefanya nini, shemeji?"

"Nimekuokoa! Wadudu wamejaa, na wewe umewapandia maua kama wageni wa harusi."

"Wengine ni wadudu wangu hao!"

"Wako? Umewatia alama masikioni kama ng'ombe?"

Leo wanacheka. Siku ile Milembe hakulala. Wenzake walimshauri anyamaze: akisema, ekari yake itatolewa kwenye utafiti, na wiki zote tisa zitakwenda na maji. Akachukua daftari, akaandika: "Nusu ya mashariki imepuliziwa. Ni shemeji. Nia yake ilikuwa njema."

Winnie, mtafiti anayewatembelea kila wiki mbili, alisoma mstari huo, akaenda kuikagua nusu ya mashariki.

"Mayu, mama yangu, sitakudanganya," alimwambia. "Siwezi tena kulilinganisha shamba hili na ya wenzako."

"Kwa hiyo nimetoka?"

"Umetoka kwenye hesabu ya mwaka huu. Lakini usiache kuhesabu. Hesabu pande zote mbili."

Alihesabu. Wiki ya nne baada ya dawa, upande uliopuliziwa ulikuwa umejaa vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, na wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa, wanaokula vidukari, hawakuonekana. Upande wa pili walikuwepo, na vidukari walikuwa wachache. Bujiku aliitwa aone. Alihesabu mara mbili, akidhani ubao umeharibika.

"Ekari moja si jibu," Winnie anaonya. "Ila ni swali zuri zaidi."

Wakulima walipokutana Oktoba walikubaliana kwamba msimu huu kila mmoja agawe ekari yake: nusu dawa, nusu alizeti, bega kwa bega, kama shamba la Milembe lilivyogawanywa na shemeji. Milembe amerudi kwenye hesabu. Aliongeza sharti moja likapita: mashemeji, kaka na wakwe waitwe mkutanoni kabla ya kupanda. "Shamba la Msukuma si la mtu mmoja," anasema. "Ukimfundisha mmoja, umemwacha mwenye bomba."

Mche wa thelathini. Anafunga daftari na kutazama ukingo wa shamba, ambako Bujiku amemaliza kutundika mizinga minne iliyosafishwa. Tumaini la Milembe liko pale: asali ya kwanza kabla ya pamba kuvunwa.

Bujiku anapaza sauti kutoka juu ya ngazi. "Shemeji! Nyuki wakija, watakuwa wangu au wako?"

"Watie alama masikioni," anajibu Milembe, "halafu tutajua."