Jina la Bereft

Kuna mwanamke Mlugbara wa Ayivu anaitwa Bereft, na usicheke. Alipewa jina hilo na nyanya yake, Santa. Kwetu mama mkwe ndiye humpa mtoto jina, na akiwa na kinyongo na mke wa mwanawe hukitia humo humo, ili mama mtu akisikie kila anapomwita mtoto wake. Harriet, mama yake Bereft, alikuwa amezika watoto kabla ya huyu. Santa akasema Harriet amewala kwa uchawi. Neno lenyewe alilisikia kwa katekista akisoma Kiingereza mazishini, akauliza maana, akaona linamfaa sana.

Shuleni watoto walimwita Berefiti. Mwalimu wao, mtu wa majivuno, akaliandika ubaoni: B, E, R, E, F, T. Akaeleza kuwa linatokana na kitenzi bereave, ni umbo lisilotumika sana, na maana yake ni mtu aliyenyang'anywa kile akipendacho, hasa na kifo. Waingereza wa kale, akasema, walimaanisha kupora.

"Haya, kwenu mmeporwa nini?" akamuuliza.

Darasa zima likaangua kicheko. Loh, mwalimu gani yule!

Bereft alirudi analia, akamkuta Harriet akipalilia mihogo. Binti akaapa hapo hapo shambani: siku akiwa mama mkwe, mjukuu wake atapata jina la furaha. Alikirudia kiapo hicho hata kwa Juliet, mkwe aliyeletwa na mwanawe wa pekee, Jude, kutoka Ludara kule Koboko. Mama Mlugbara, mkwe Mkakwa, kwa hiyo walielewana kwa Kiswahili cha sokoni. Walitaniana kutwa nzima, wakapendana kweli.

Juliet akashika mimba. Akatamani simsim ya shamba la mama yake, si ya dukani, akamtuma Jude. Jude akawasha pikipiki yake, na njiani lori likamgonga, akafa. Bereft hakulia. Alimkodolea macho mkwe wake, na tangu siku hiyo hakumsemesha.

Mtoto alizaliwa msichana. Kitovu kilipodondoka, wanawake wakajaa uani kusikia jina. Juliet alipiga magoti.

"Mama, wewe nasema zamani mutoto itapata jina ya furaha. Mimi naomba."

"Mimi nakumbuka," Bereft akajibu.

Akampokea mtoto, akamfunika vizuri, akamtazama. Pua ilikuwa ya Jude, ile ile. Na hapo angeweza, jamani, angeweza kabisa kusema Patience, au Neema, au chochote kile, sote tukaenda kula.

"Bereft," akasema.

Vigelegele vikapasua uwanja. Bibi amempa mjukuu jina lake mwenyewe, heshima iliyoje! Wakamkumbatia Juliet, wakamwambia ana bahati, amesamehewa. Juliet hakuinuka.

"Mama," akasema polepole, "wewe najua hii jina vile inauma."

"Mimi najua."

Bereft akamrudishia mtoto mikononi, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Haya, ita yeye," akasema. "Mimi nataka kusikia."