Siku Nilipoiharakisha Enanga ya Baba Mkubwa

Ukinikuta Muleba siku hizi usiniite injinia, nakuomba, niite Koku tu inatosha, maana cheo hicho nilikivua mwenyewe mchana kweupe, mbele ya ukoo wetu wote na wakwe watarajiwa, nikiwa ndani ya gomesi ya kuazima.

Baba yangu mkubwa, Ta Rwegasira, alikuwa mpiga enanga, kile kinanda chetu cha nyuzi, na alikuwa akikipiga hadi wazee wanasahau pombe zao. Mwaka juzi kiharusi kikamwangusha, mkono wa kulia ukalala. Bahati nzuri nilikuwa nimeshamrekodi wimbo aliomtungia binti yake wa mwisho, Anisia, ambao aliapa ataupiga siku ya sendofu yake. Wimbo ule ulikaa ndani ya kisanduku nilichokiunda mwenyewe nyumbani Kibeta, chenye chipu ya flashi ya kuhifadhia sauti na waya wa kwenda kwenye spika. Nakala nyingine? (Usiniulize. Mganga hajigangi.)

Shida ilikuwa moja, kisanduku kilichukua sekunde arobaini kuwaka, na kwenye sherehe moja ya Bukoba mjini MC alishanitania kwenye maiki, "Nshomile wetu anasubiri umeme kutoka Ulaya?" Watu wakacheka wee, na Mhaya ukimchekea usomi wake umemgusa penye jipu. Basi asubuhi ya sendofu, badala ya kupiga pasi gomesi, nikafungua draiva, yaani kile kipande cha programu kinachouambia mfumo namna ya kuongea na chipu. Humo mna namba ya kusubiri, ukiomba data unaipa chipu mapigo kadhaa ndipo uisome. Mtengenezaji alisema nane. Mimi nikaweka tatu. Ni sawa na kumpokonya mpishi sahani kabla hujajua kama ndizi zimeiva. (Methali ya haraka haraka naijua tangu darasa la pili, usinisumbue nayo.) Kisanduku kikawaka kwa sekunde kumi na tano, wimbo ukalia safi mwanzo hadi mwisho, nikajipigia makofi peke yangu chumbani!

Nilichosahau ni kwamba Kibeta asubuhi kuna ubaridi, na chipu ikipata joto huchelewa kidogo kujibu. Muleba kwenye sendofu, saa nane mchana, niliiweka wapi? Juu ya spika nyeusi, nje ya turubai, juani.

MC, yule yule wa Bukoba mjini, akaniita kwa madaha, nami badala ya kubonyeza nikae, nikashika maiki, nikasalimu Kihaya. "Kasinge waitu! Leo mtasikia teknolojia ya Mhaya." Nikabonyeza. Kikatoka kitu, krrr-nge-nge-krrr, kama mbuzi aliyenaswa kwenye mabati. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kwa sauti, "Enanga ya huku inang'ata?" Turubai zima likaangua kicheko. Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa amejisogeza mbele kwenye kiti, ananitazama, na mimi nikashindwa kumtazama.

Mtu mwenye akili angezima. Mimi nikawasha upya. Kioo kidogo cha kisanduku kikaandika kwamba hifadhi ina makosa na ukarabati unaanza baada ya sekunde kumi, nami nikashusha pumzi, nikasema afadhali, kinajitibu chenyewe. Mara mama mkubwa, Ma Adela, akaja mbio na kanga yake kiunoni, akashika waya. "Imetosha! Mnamtia aibu mume wangu!"

"Mama, usiguse! Utaharibu!" nikamfokea, tena maiki ikiwa mkononi, ikasikika hadi barabarani. Mama aliyenilea! Yeye akauvuta waya, kikazimika.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kama kisanduku kilikuwa kinasoma vibaya, basi ukarabati ungeandika makosa yale yale juu ya wimbo, na tungeupoteza milele. Mama mkubwa aliuokoa, na mimi nimemfokea mbele ya wakwe. Nikapiga magoti vumbini na gomesi ya watu.

"Nisamehe, mama."

"Wimbo upo au haupo?"

"Sijui, mama."

Jamani, neno hilo lilinichoma kuliko kile kicheko.

"Mwacheni afanye kazi," akasema baba mkubwa, taratibu, mdomo ukipinda.

Nikabeba kisanduku na kompyuta yangu hadi jikoni, nikakilaza kivulini juu ya majani ya migomba, katikati ya akina mama waliokuwa wakimenya ndizi bila kuniuliza kitu (Mungu awabariki). Kilipopoa nikarudisha ile nane, nikaongeza mbili za woga, nikazima ukarabati, nikaanza kunakili wimbo kwenye kompyuta. Ukanakilika wote. Nililia, sifichi.

Tulipowasha tena mbele za watu, sekunde arobaini na kitu zilipita na hakuna aliyekohoa, hata yule MC. Kisha enanga ikalia, na sauti ya baba mkubwa, ile ya kabla ya kiharusi, ikamtaja Anisia kwa jina. Anisia akalia hadi poda ikaharibika. Baba mkubwa alikuwa akidonoa nyuzi kwenye goti lake, kwa mkono wa kushoto.

Jioni akaniita. "Pale katikati nilikosa uzi mmoja. Mashine yako haikuona?"

"Haikuona, baba."

Akainua ule mkono wa kushoto. "Huu bado mzima. Jumamosi njoo unirekodi tena."

Basi naapa mbele yenu, namba ya mtengenezaji wa chipu sitaipunguza tena kwa kuogopa kuchekwa, na nakala nitatengeneza tatu. Jumamosi nakwenda Muleba. Ameshanionya kwamba mkono wa kushoto unachelewa, nimvumilie. Nimemjibu nina siku nzima.