Granaiti ya Dodoma

Baba mdogo alikuwa na duka la mawe ya kaunta na sakafu Kariakoo. Nilipomaliza chuo, nikiwa na shahada ya jiolojia na bila ajira, alinichukua nimuuzie. Siku hiyo mama mmoja alisimama mbele ya bamba la granaiti, akilipapasa kama anayembembeleza mtoto.

"Hili limetoka wapi?"

"Italia," baba mdogo akajibu bila kupepesa macho.

Nililijua lile jiwe. Mwenyewe nilikuwa nimepokea lori lililolileta kutoka Dodoma.

"Mama, hili ni la kwetu," nikasema. "La Dodoma."

Baba mdogo akanikata jicho. Sikujali. Nikamweleza yule mama kwamba dunia ilipokuwa changa ilikuwa mwamba ulioyeyuka, ukapoa juu ukafanya ganda. Ganda lile la kwanza halikudumu. Lilikuwa likizama na kuyeyuka upya, na kila lilipoyeyuka, sehemu nyepesi ilipanda juu. Baadaye ile nyepesi ikashindwa kuzama tena. Ndiyo ikawa mabara.

"Hapa unaposhika ni kipande cha bara la mwanzo mwanzo, mama. Lina zaidi ya miaka bilioni mbili. Hata Kilimanjaro yetu ni ya juzi tu."

Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoa mkono.

"Kumbe la Dodoma? Basi liacheni. Mimi nataka kitu cha nje."

Akatoka. Sikujua nimkasirikie nani zaidi, aliyedanganya au aliyetaka kudanganywa.

"Umenifukuzia mteja na shahada yako," baba mdogo akafoka.

"Baba, unamuibia mtu ukweli halafu unamlaumu aliyeusema?"

"Ukweli! Nikisema Dodoma wanaondoka. Umeona kwa macho yako."

Nilikuwa nimeona. Hilo ndilo lililonichoma.

Kesho yake nilifika mapema, nikachukua chaki nikaandika kwenye kila bamba lilikotoka: Dodoma, Iringa, India. Baba mdogo akafuta kwa kitambaa cha maji. Nikaandika tena. Siku ya tatu nilimwamkia, "Shikamoo baba," na badala ya marahaba akasema, "Chagua. Uache kuandika au uache kazi."

Nikaacha kazi. Nilikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu nikijisemea kwa sauti, watu wakinigeukia kama kichaa.

Sasa nafundisha jiografia. Baba mdogo tunaonana kwenye misiba na harusi, tunaulizana hali, basi. Juzi kwenye harusi ya binamu yangu nilisikia akimsifia mgeni ukumbi mzima, akagonga kwa vidole meza ya granaiti kama ile ya Dodoma. "Italia hii," akasema. Nilisukuma kiti nikatoka nje kabla keki haijakatwa.