Makohozi kwa Mama Mkwe

Jamani, aibu hii naisema mwenyewe. Mimi ni nesi wa zahanati huku Lumuma. Juzi nilipakia kwenye basi la Kilosa maboksi mawili ya barafu yanayofanana: moja la makohozi ya wagonjwa wa TB, liende maabara; jingine la maziwa mgando ya kumpelekea mama mkwe hukohuko Kilosa. Kuandika onyo na jina la mpokeaji ni kazi ya mtumaji. Mimi, kwa haraka, nilimwelekeza kondakta kwa mdomo tu.

Mchana maabara wakanipigia: “Sista, mbona umetuletea maziwa?”

Nikampigia mama mkwe hapohapo. “Shikamoo mama. Umefungua boksi?”

“Marahaba. Bado, namsubiri baba yenu tunywe pamoja.”

“Usifungue, mama! Hayo ni makohozi ya wagonjwa, ya kwenda maabara!” Nikaanza kulia.

“Usilie, mwanangu. Nalisogeza kivulini barafu isiyeyuke, nalilinda mpaka watu wa maabara waje kulichukua.”